Nyota za Begani: Nani Anazigawa, na kwa Kipimo Gani?

(Hii ni mada niliyoiwasilisha kwenye darasa la vijana Jumamosi. Wengi mliokosa nafasi mliomba iwekwe hapa. Nimeiacha kama nilivyoisema, pamoja na utani. Nimeondoa tu sehemu ambazo kipaza sauti kilikuwa kinakoroma.)

Makamanda, habari za mchana!

Haya, nimesikia wa mbele tu. Wa nyuma mmechoka na jua au mmechoka na nchi? Asanteni.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa kanda mliopo, wazee wetu mliokuja kutusindikiza, na nyinyi vijana wenzangu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Nimepewa dakika ishirini na tano kuzungumzia haki na maadili katika kutoa nishani na kupandisha watu vyeo jeshini. Nilipomwambia mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja hosteli, alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe na jeshi wapi na wapi? Wewe hata gwaride la shule ulikuwa unapiga mguu wa kulia kwanza." Ni kweli. Lakini jeshi linalipwa kwa kodi ya vocha na unga ninaonunua mimi. Halafu sisi humu ndani tunaitana "kamanda" kutwa nzima, na hakuna hata mmoja aliyefanya mtihani wa ukamanda. Kwa hiyo suala la vyeo linatuhusu, tupende tusipende.

Nianze na kukiri jambo. Darasa lililopita, kamanda mmoja alisimama hapa akasema siku tukiingia Ikulu, kazi ya kwanza ni kuwavua nyota "wao" na kuwavisha "wetu". Ukumbi ulilipuka. Mimi nilikuwa safu ya tatu pale, na mimi nilipiga makofi. Nilifika nyumbani nikakosa usingizi. Leo nimekuja kuyachukua makofi yangu.

Sasa twende taratibu.

Mnaijua Lugalo, si ndiyo? Kambi ya Lugalo, Dar es Salaam. Jina hilo ni la mahali huko Uhehe ambapo mwaka 1891 watu wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Zelewski. Jina zuri, la heshima. Lakini wangapi mnajua kambi hiyo iliitwaje kabla? Iliitwa Colito. Na Colito nayo ni mahali, huko Ethiopia, ambapo tarehe 19 Mei 1941 kikosi cha King's African Rifles kilipigana na Waitaliano. Kikosi chenyewe kilikuwa cha sita, yaani cha Tanganyika. Vijana wa huku kwetu.

Siku hiyo sajenti mmoja mzungu kutoka Kenya, Nigel Leakey, alivirukia vifaru vya Waitaliano. Alipanda juu ya kifaru, akafungua mfuniko, akawapiga risasi waliokuwa ndani. Aliuawa siku hiyohiyo akijaribu kufanya hivyo tena kwa kifaru kingine. Mwaka 1945 akatangaziwa Victoria Cross, nishani ya juu kuliko zote kwa ushujaa katika jeshi la Uingereza. Sitaki mtu atoke hapa akisema nimemdharau marehemu. Alistahili. Mtu anayepanda kifaru kwa bastola hana wa kumbishia.

Lakini mimi ni mwanafunzi wa sheria, na ugonjwa wetu ni kusoma maandishi mpaka chini. Maelezo rasmi ya nishani yake yanasema alipokwenda kuvitafuta vile vifaru vingine hakwenda peke yake. Alikwenda na sajenti meja wa kombania na askari wawili Waafrika. Yaani walipita eneo lilelile lililokuwa linafagiliwa na risasi zilezile. Na majina yao hayamo. "Askari wawili", basi.

Nimewafikiria sana hao wawili. Sijui walikuwa Wanyamwezi, Wahehe, Wayao, sijui kama walirudi nyumbani. Katika vita zote mbili kuu za dunia hakuna askari Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyepewa Victoria Cross. Hakuna hata mmoja. Kwa muda mrefu askari wa KAR alikuwa na nishani yake ya pembeni ya ushujaa, yenye maandishi ya kikosi chake, ili isichanganywe na ile ya askari wa Kiingereza. Na Wahindi, waliokuwa wamelipigania taji lile miaka na miaka, hawakuruhusiwa kabisa kupewa Victoria Cross mpaka mwaka 1911. Kwa hiyo kabla hujauliza kama fulani alikuwa jasiri, kulikuwa na swali lililotangulia: fulani ni nani? Hilo swali la pili likishatangulia, nishani imeshageuka kuwa kitu kingine.

Baba wa babu yangu alikwenda Burma. Alirudi na ile nyota ya shaba yenye pembe sita, Nyota ya Burma. Shangazi zangu wanasimulia kwamba walipokuwa wadogo walikuwa wanaichezea, mara ni sarafu ya duka, mara ni hereni ya bibi harusi. Mzee hakuwahi kuwakemea. Nilidhani ni upole, mpaka nilipoanza kusoma. Nyota ile walipewa wote waliopigana kule, mweupe kwa mweusi, chuma kilekile. Pesa ndiyo haikuwa ileile. Mwaka 2019 Al Jazeera walitoa nyaraka za serikali ya Uingereza zinazoonyesha kwamba kiinua mgongo cha mwisho wa vita kwa askari mweusi wa makoloni kilikuwa kama theluthi moja tu ya kile cha mweupe aliyetoka koloni hilohilo, wa cheo hichohicho. Cheo hichohicho, makamanda! Hapo hata ubishi wa elimu haupo.

Sasa turudi Colito, maana hapo ndipo mambo yalipolipuka.

Uhuru tulipata Desemba 1961. Bendera ikapanda. KAR ikabadilishwa jina ikaitwa Tanganyika Rifles. Kambini je? Kambini asubuhi askari aliamka akamkuta ofisa yuleyule wa Kiingereza, na mkuu wa jeshi alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas. Maofisa wa Kiafrika walikuwa wachache mno. Kulikuwa na cheo kinaitwa "Effendi", walichokianzisha wakoloni miaka ya 1950 kwa ajili ya Waafrika, cheo cha katikati, unavikwa unakuwa si sajenti lakini na ofisa kamili hujawa. Ukikitazama vizuri ni kama kumpa mtu kiti cha plastiki mlangoni halafu unamwambia karibu sebuleni.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Colito wakaasi. Wakawafungia maofisa wa Kiingereza, wakaingia mjini, wakaenda mpaka Ikulu. Mwalimu Nyerere alifichwa. Waziri Oscar Kambona alikwenda kambini kuzungumza nao. Madai yao yalikuwa mawili makubwa, na nawaomba myasikilize vizuri kwa sababu shuleni tunafundishwa kwamba walikuwa wahuni tu. La kwanza, mshahara: askari wa kawaida alikuwa anapata shilingi 105 kwa mwezi, wakataka 260. La pili, vyeo: Waingereza waondoke, Waafrika wapandishwe. Wakamtaja hadi waliyemtaka awaongoze, Luteni Elisha Kavana.

Mjini maduka yakaporwa, watu wakafa. Kikosi cha Tabora nacho kikafuata. Tarehe 25 serikali ya nchi huru ikalazimika kuwaita makomando wa Uingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wake yenyewe. Mwalimu hakuificha aibu ile. Kiongozi wa waasi, Sajenti Hingo Ilogi, alihukumiwa kifungo cha miaka 15.

Hapa ndipo huwa nabishana na wenzangu darasani. Kuna wanaosema askari walikuwa na haki, kuna wanaosema ni wahaini. Mimi nasema waliuliza swali sahihi kwa mdomo wa bunduki, na ukishauliza kwa mdomo wa bunduki hakuna anayeweza kukujibu kwa haki tena. Anakujibu kwa hofu, au anakujibu kwa hasira. Na ugumu wa wakati ule ulikuwa wa kweli. Mapema mwezi huohuo Nyerere alikuwa ametoa waraka kwamba upendeleo wa rangi katika utumishi wa umma ukome, raia ni raia. Kwa kanuni, mimi nasimama na waraka ule. Lakini jiweke kwenye buti za sajenti wa miaka kumi na mbili kazini. Jana ulinyimwa cheo kwa sababu wewe ni mweusi. Leo unaambiwa rangi isitazamwe. Na ofisa aliyepanda wakati rangi inatazamwa bado yupo juu yako palepale. Kanuni ni nzuri, ila wewe imekukuta umeshachelewa. Nani alikaa na yule sajenti akamweleza njia: kozi ni hizi, mtihani ni huu, baada ya miaka mitatu utakuwa hapa? Ningependa sana kuona mtu amemweleza.

Wiki hiyohiyo maasi yalitokea Uganda, kambi ya Jinja, na Kenya, kambi ya Lanet. Kila nchi ikajibu kivyake, na hii ndiyo sehemu niliyoitaka hasa.

Uganda walimshika waziri wao, Felix Onama, pale Jinja mpaka akakubali madai. Mishahara ikapanda, vyeo vikagawiwa harakaharaka. Na mmoja aliyefaidika ni ofisa aliyeitwa Idi Amin, akapewa kuongoza kikosi cha kwanza palepale Jinja. Huyu Amin, miaka miwili nyuma, mwaka 1962, alikuwa kwenye operesheni ya KAR huko Turkana, Kenya, ambako wafugaji waliuawa, na kikosi chake ndicho kilichotuhumiwa. Waingereza walilijua jambo hilo. Walimpelekea Obote, ambaye alikuwa anakaribia kupokea uhuru, aamue. Amin akapewa karipio, akaendelea kupanda.

Kwa nini? Waingereza walimpenda: mrefu, bondia, anatii, anacheka. Obote alimhitaji. Kila aliyemsukuma ngazi moja juu alikuwa na sababu yake, na kati ya sababu hizo hakuna hata moja iliyouliza kama mtu huyu anafaa kukabidhiwa roho za watu. Mwaka 1966 akawa mkuu wa jeshi. Januari 1971 akampindua yuleyule aliyempandisha.

Baada ya hapo hakuhitaji mtu wa kumpandisha. Mwaka 1975 akajifanya fildi masho. Akajivika nishani, akajiita mshindi wa himaya ya Uingereza, ziko kwenye picha zimejaa kifuani. Watu huzicheka picha zile. Mimi huwa nashindwa kucheka, kwa sababu chini yake kulikuwa na madereva na masajenti wenzake aliowapa vyeo vikubwa kwa ukaribu, na jeshi la watu hao ndilo lililoingia Kagera mwaka 1978. Watu wa Kyaka na Mutukula wanajua bei ya kile kifua. Jeshi letu liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na waliolala huko ni watoto wa watu wa hapa.

Nasisitiza: sisemi kila anayependelewa anakuwa Amin. Ningeshangaa sana. Nasema tu kwamba upendeleo hauna breki zake wenyewe.

Sisi Tanganyika tulifanya tofauti. Tulilivunja jeshi. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, mkuu wake akiwa Mrisho Sarakikya, kijana aliyesoma Sandhurst, na akaliongoza mpaka 1974. Kwa hilo naivulia kofia serikali ya wakati ule, na najua kuna watu humu hawapendi nikisifia. Lakini vijana wa kuanzia jeshi jipya walitafutwa wapi? Umoja wa Vijana wa TANU. Askari wakaruhusiwa kuwa wanachama, na baadaye jeshi likawa na muundo wake ndani ya chama, likihesabiwa kama mkoa. Yaani tuliponya ugonjwa wa "wewe ni rangi gani" kwa dawa ya "wewe ni kadi gani". Kwa wakati ule, chama kimoja, ilionekana ni sawa. Hata hivyo askari mwenye kipaji ambaye hakuwa na shauku na chama, alipanda vipi? Huyo ni askari wangu wa tatu asiyetajwa jina, baada ya wale wawili wa Colito.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na Katiba yetu leo, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote. Anabaki na kura yake tu. Vizuri sana. Ibara ya 148 inaweka uteuzi wa viongozi wa majeshi mikononi mwa Amiri Jeshi Mkuu. Amiri Jeshi Mkuu ni nani? Ni Rais. Rais ni nani? Kwa desturi ya chama tawala ni mwenyekiti wa chama. Sasa mtu mmoja ana kofia mbili na anagawa nyota. Hata akiwa malaika, yule anayepewa anajua kofia zote mbili zipo. Na tumeona maofisa wa jeshi wakiteuliwa kuwa wakuu wa wilaya na wa mikoa, na mkuu wa mkoa anakaa kwenye kamati ya siasa ya chama hichohicho. Ibara ya 147 imekwenda wapi hapo? Hili ni swali la mtihani, nitawapa alama.

Wenzetu Kenya, katiba yao ya 2010, ibara ya 241, inataka safu ya juu ya majeshi iakisi sura ya mikoa na makabila ya nchi. Mimi binafsi kuhesabu makabila kunanitia baridi kidogo, sisi tumelelewa vingine. Ninachowaonea wivu ni kwamba mwananchi ana sentensi ya kushika mkononi. Uteuzi ukitoka anaweza kusema: andiko linasema hivi, nyinyi mmefanya vile. Sisi uteuzi ukitoka tunasoma majina kwenye simu, tunasema "huyu ni wa nani?", basi, tunaendelea na mpira.

(Hapa mtu aliuliza kama haya mambo ya kupendelea ni ya Afrika tu.)

Hapana bana. Waingereza hawa walikuwa wanauza vyeo, wazi, kwa bei iliyochapishwa. Cheo cha chini cha ofisa wa askari wa miguu kilikuwa pauni 450, luteni kanali pauni 4,500. Maskini mwenye akili alikaa chini ya tajiri mjinga miaka ishirini. Lord Cardigan alinunua kikosi chake, na ndiye aliyeongoza wale wapanda farasi kwenda kwenye midomo ya mizinga kule Balaclava mwaka 1854. Biashara ile ilikomeshwa mwaka 1871, tena mabwana wa bunge la juu wakigoma. Kwa hiyo mtu akikuambia "ndivyo dunia ilivyo", mwambie dunia imebadilishwa mara kadhaa, na kila mara kuna mtu aliyegoma.

Sasa niwape mfano mzuri, maana nimewachosha na mabaya.

Novemba 2018, huko Beni, mashariki mwa Kongo, walinda amani wa Malawi na wa Tanzania walikuwa kwenye operesheni dhidi ya ADF. Mwanajeshi wetu mmoja akajeruhiwa, akabaki wazi kwenye risasi. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, cheo chake praiveti, yaani hakuna cheo chini ya hapo, akamvuta mpaka pa salama. Mtanzania akapona. Chitete akafa.

Umoja wa Mataifa una nishani moja ya ushujaa wa kipekee. Imepewa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi asiye na silaha aliyeokoa mamia ya watu Kigali mwaka 1994 kwa kuwapitisha kwenye vizuizi kwa maneno na utani, mpaka bomu lilipomuua. Familia yake ndiyo iliyoipokea kwanza. Aliyefuata, mwaka 2019, ni yule praiveti wa Malawi. Hawakutafuta jenerali wa kumpa. Hawakuuliza ana nyota ngapi. Waliuliza alifanya nini, wapi, nani aliona. Maswali matatu. Ukitaka kujua kama tuzo ni ya haki, mwulize mtoaji hayo matatu utazame anavyojibu.

Na kama ilishakosewa? Inarekebishwa. Katika vita kuu ya pili Marekani walitoa Medal of Honor zaidi ya 400, mweusi hata mmoja hakupata. Miaka ya tisini wakarudi kwenye makabrasha, wakatafuta mashahidi, na Januari 1997 Rais Clinton akawapa saba. Sita walikuwa wameshakufa. Aliyekuwa hai ni mmoja, Vernon Baker, mzee wa miaka sabini na kitu, kwa kazi aliyoifanya Italia Aprili 1945. Miaka hamsini na mbili. Kuna atakayesema ni kuchelewa mno. Mimi nadhani Baker hakusema hivyo.

Kwa hiyo makamanda, tukija kuandika sera yetu, naomba tusiandike "tutawapandisha askari walionyimwa". Hiyo ndiyo Jinja. Tuandike vigezo vya kupanda vitangazwe, muda wa kukaa kwenye cheo ujulikane, bodi inayopendekeza iandike sababu zake, na aliyerukwa awe na pa kulalamikia ambapo si kwa yuleyule aliyemruka. Siri za vita zibaki siri. Kigezo cha kuwa koplo si siri ya vita. Na askari wa jana aliyepandishwa na "wao" kwa kustahili abaki na nyota zake siku tukiingia sisi. Najua hili halina makofi. Sikuja kutafuta makofi leo.

(Yalipigwa kidogo, upande wa wazee.)

Nimebakiza dakika nne, na hii ndiyo ngumu.

Tawi letu, mnalijua, miaka miwili iliyopita lilitoa vyeti vya "Mpambanaji Bora". Kulikuwa na dada mmoja, muuza mihogo, hakuja leo. Kipindi cha kampeni alibandika mabango usiku, akakamatwa, akalala mahabusu siku mbili, mtaji wake ukaoza. Alipotoka, kesho yake alikuwa kituoni akigawa vipeperushi. Kila mtu aliona. Cheti alipewa kaka mwingine, aliyejiunga wiki sita kabla, mwenye gari, aliyekuwa anawabeba viongozi. Siku zile neno "chawa" tulikuwa tunalitumia kwa wa upande wa pili tu.

Kamati ya tuzo ilikuwa na watu watano. Mimi nilikuwa katibu. Niliandika muhtasari kwa mkono wangu. Jina la yule dada lilitajwa na mjumbe mmoja, mwenyekiti wa kikao akasema "tutamwangalia siku nyingine", na mimi kwenye muhtasari sikuliandika. Niliona si la maana kwa sababu halikupita. Niliandika: majina mengine yalijadiliwa.

"Majina mengine." Sasa mnaelewa kwa nini wale askari wawili wa Colito hawanitoki.

Nilikwenda kumwona wiki iliyopita. Nilimwomba radhi. Alinikatia muhogo, akatia pilipili, akasema, "Mdogo wangu, mimi cheti ningekiweka wapi, nyumba inavuja." Halafu akanyamaza, akasema, "Ila ningependa mwanangu akione."

Ndugu Mwenyekiti, nina barua hapa. Inaomba tawi lifungue upya kumbukumbu za tuzo za mwaka ule, vigezo viandikwe, na kamati isiwe na mtu yeyote aliyekuwa kwenye ile ya kwanza, nikiwemo mimi. Yule kaka asinyang'anywe cheti chake, hakujipa mwenyewe. Kwa utaratibu wetu barua hii inahitaji sahihi za wanachama kumi. Ina moja. Nitakaa pale mlangoni, kalamu ninayo.